Kompyuta Inayowaka na Kuzimika Papo Hapo

Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa chakula wa shule



Kamati ilinipangia nizungumze juu ya utumishi serikalini, kama walivyofanya wenzangu miaka iliyopita. Naomba radhi kwa kulibadili somo. Jana mchana mwalimu wa kompyuta alinipeleka katika chumba chake, akanionyesha mashine 11 zilizopangwa chini kando ya ukuta, kila moja imeandikwa kwa chaki neno MBOVU. Leo alasiri, katika ajenda namba 6, tutaombwa tuamue kama fedha tulizochanga kwa ajili ya paa la bweni zihamishiwe kwenye ununuzi wa kompyuta mpya, na hizo 11 ziuzwe kama vyuma chakavu. Paa lile sote tunalijua. Waliolala vitanda vya juu upande wa magharibi wanalijua zaidi, maana walikuwa wakihama na magodoro yao kila masika. Kwa hiyo naona ni haki, kabla hatujanyoosha mikono, tuelezane ugonjwa wa mashine hizo ni nini hasa.

Mwalimu anasema ugonjwa wa zote ni mmoja. Ukibonyeza kitufe, taa inawaka, feni inazunguka, kisha kimya. Mimi nasema hiyo ni dalili moja, na dalili moja yaweza kuletwa na magonjwa mengi, kama vile homa. Mganga akikutana na homa hamzikii mgonjwa. Hupima damu kwanza.

Tuanze na kinachotendeka pale kidole kinapogusa kitufe. Watu wengi hudhani kitufe hicho kinakata na kuunganisha umeme kama swichi ya taa ya ukutani. La hasha. Tangu utaratibu uitwao ATX ulipotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, kitufe cha mbele kinapeleka ombi tu. Nyuma ya kasha kuna kisanduku cha chuma ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani, volti 230, na kuutoa ukiwa mdogo: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Hata mashine ikiwa imezimwa, maadamu waya wake umechomekwa, kisanduku hicho hutoa volti 5 za kukesha kupitia waya wa zambarau. Ni mlinzi wa usiku, halali. Ukibonyeza kitufe, bodi kuu, yaani mazabodi, hupeleka habari kwa waya wa kijani: washa. Pawasaplai huwasha mikondo yote, hujipima yenyewe, na ikiridhika kwamba volti zimetulia, hujibu kwa waya wa kijivu: mambo sawa. Jibu hilo hutakiwa lije ndani ya sehemu ya sekunde, kati ya milisekunde 100 na 500. Lisipokuja, au likija kisha likaondolewa, kazi haianzi.

Basi mashine inayowaka na kuzimika mara nyingi haijafa. Kuna mmoja katika mazungumzo hayo aliyekataa kuendelea, na mara nyingi amekataa kwa sababu nzuri, ili kitu kingine kisiungue. Swali letu ni nani aliyekataa, na kwa nini.

Chombo cha kwanza cha kulijibu swali hilo ni saa ya mkononi. Nasema hivi kwa sababu nimewaona mafundi wengi wakikimbilia bisibisi, na wengine wakikimbilia duka. Kabla ya kufungua hata skrubu moja, washa mashine na uhesabu sekunde. Iache, washa tena, hesabu tena. Andika. Mara tatu zinatosha.

Ikizimika kabla sekunde moja haijatimia, feni ikastuka tu kama mtu aliyeguswa na maji baridi, basi kuna mahali umeme unapita njia ya mkato. Pawasaplai imeona mkondo mkubwa kupita kiasi ikajifunga. Tena baada ya kujifunga nyingi hazikubali kuwashwa tena mpaka uchomoe waya wa ukutani na kungoja kidogo, na hapo ndipo watu husema imekufa kabisa. Njia ya mkato yaweza kuwa skrubu iliyoanguka chini ya bodi, kijiguu cha shaba kilichofungwa pasipo na tundu, au pini zilizopinda ndani ya tundu la USB la mbele baada ya kijana kulazimisha flashi kichwa chini. Katika mashine moja kati ya zile za jana tulimkuta mjusi kafiri, amekauka kama dagaa, mkia wake umelalia pini nyuma ya bodi. Kile kibati cha kufunikia tundu nyuma ya kasha hakikuwapo, naye aliingia kufuata joto. Tulimtoa, tukapasafisha kwa brashi na spiriti, na mashine ikawaka. Gharama yake ilikuwa pamba.

Ikiwa inadumu sekunde nne au tano, na kila mara ni zilezile, msihangaike na prosesa wala pawasaplai. Tazameni kitufe. Kompyuta zote za aina hii zimewekewa kanuni kwamba mtu akikishikilia kitufe kwa sekunde nne mfululizo, mashine izimike kwa nguvu. Kitufe kilichojaa vumbi na jasho la vidole vya miaka kumi hukwama ndani. Wewe umetoa kidole, lakini kwa bodi ni kama bado umekishikilia, nayo inatii. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: fungua ubavu wa kasha, fuata nyaya mbili nyembamba zitokazo kwenye kitufe mpaka pale zinapochomekwa kwenye bodi, zichomoe, kisha gusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi mara moja na kuachia. Mashine ikiwaka na kukaa, mhalifu umempata. Kama kitufe hakisafishiki, chukua waya wa kitufe kidogo cha kuanzisha upya, uchomeke mahali pa kile kibovu. Kuanzia siku hiyo utawasha kwa kitufe kidogo, wala hakuna atakayekushitaki. Jana tulikuta mbili za namna hii. Mbili! Zilikuwa zinangoja kuuzwa kwa kilo.

Ikidumu nusu dakika au dakika nzima, na ukiirudia mara ya pili inadumu muda mfupi zaidi, na mara ya tatu mfupi kuliko ya pili, hilo ni joto. Prosesa ni kipande kidogo, lakini kinaweza kula umeme wa wati 65 au zaidi, na karibu wote hugeuka joto. Juu yake hufungwa bati lenye mapezi, kama mapezi ya injini ya pikipiki, na juu ya bati feni. Kati ya prosesa na bati hupakwa ute wa kupitisha joto ambao mafundi huuita pesti. Ute huo hukauka kwa miaka ukawa kama chokaa. Mapezi huziba kwa vumbi, na hapa kwetu vumbi la kiangazi mnalijua. Katika mashine nyingi bati hilo hushikiliwa na misumari minne ya plastiki. Mmoja ukiachia, bati huinuka upande kama mguu wa meza mbovu. Prosesa ikifikia kikomo cha hatari huamuru umeme ukatwe, bila kungoja ruhusa ya programu yoyote. Inajiokoa. Kwa nini mara ya pili inakuwa mfupi? Kwa sababu haijapoa bado.

Tiba yake ni brashi ya rangi iliyo kavu, hewa ya pampu, kitambaa chenye spiriti cha kufutia ute wa zamani, na ute mpya kiasi cha punje ya dengu. Zuia feni kwa kidole wakati wa kupuliza, isizunguke ovyo. Na jamani, msimwage pesti kama siagi ya mkate wa Idi. Tabaka jembamba ndilo linalofanya kazi.

Ile inayozimika bila mpangilio, leo sekunde kumi, kesho dakika mbili, ndiyo inayosumbua fundi. Hapo mimi huanza nje ya kasha. Tundu la ukutani liko imara? Ekstensheni inachechemea? Waya wa nyuma umeingia mpaka mwisho? Volti za ukutani ni ngapi saa hiyo? Shule yetu iko mwisho wa laini, nanyi wanafunzi mnaona taa zinavyofifia jioni. Pawasaplai nyingi za siku hizi hujirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240, hazisumbuki sana na hilo. Lakini za zamani zina kiswichi chekundu nyuma chenye alama mbili, 115 na 230. Nataka vijana mnisikilize hapa. Kiswichi hicho, katika nchi hii, hukaa kwenye 230 siku zote. Mtu asije akakwambia kwamba kwa kuwa umeme ni mdogo, kikihamishiwa kwenye 115 mashine itapata nguvu. Itapata mlipuko. Na mashine iliyotoka Marekani kama msaada itazamwe kiswichi hicho kabla ya kuchomekwa mara ya kwanza.

Ukiridhika na umeme wa nje, chukua mita. Hizi ndogo za kawaida zinatosha. Wakati mashine inajaribu kuwaka, pima waya wa njano: inatakiwa volti 12, nao utaratibu unaruhusu upungufu au ziada ya sehemu 5 katika mia, yaani kati ya 11.40 na 12.60. Wa njano ukiporomoka chini ya hapo mara diski inapoanza kuzunguka, pawasaplai imezeeka. Wengine huijaribu pawasaplai peke yake: huichomoa kutoka kwenye bodi, huunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi, na kutazama kama feni itazunguka. Kipimo hicho ni halali, ila kinakwambia tu kwamba yu hai; hakikwambii kama anaweza kubeba gunia. Tena baadhi ya mashine za makampuni makubwa zina plagi na rangi za nyaya za kwao wenyewe, kwa hiyo soma maandishi ya ubavuni kwanza.

Jambo moja silifanyii mzaha. Pawasaplai yenyewe msiifungue. Ndani yake umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja wa volti zipatazo 325, ukahifadhiwa katika kapasita, nao unaweza kubaki humo hata baada ya waya kuchomolewa. Kijana wa kidato cha tatu mwenye bisibisi na ujasiri hana kazi humo ndani. Ikiwa mbovu, inabadilishwa nzima.

Nimeulizwa jana: vipi betri? Kuna imani iliyoenea kwamba kila kompyuta isiyowaka dawa yake ni kubadili ile betri ya mviringo, CR2032. Betri hiyo ni ya volti 3, na kazi yake ni kutunza saa na mipangilio wakati umeme haupo. Ikiisha, mashine husahau tarehe, ikaona iko miaka mingi nyuma, na pengine ikalalamika. Kuzimika papo hapo mara chache sana husababishwa nayo. Ibadilini kwa kuwa ni rahisi, lakini msijipongeze mapema. RAM nayo yafaa kuchomolewa, meno yake yakasuguliwa kwa kifutio safi na kurudishwa mpaka vibanio vilie. Bodi nyingine, RAM isipokaa vizuri, huwaka na kuzimika kwa zamu bila kutoa mlio wowote.

Na pale yote yanaposhindikana, kuna njia ya kupunguza. Toa bodi nje ya kasha, ilaze juu ya kadibodi kavu. Acha prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, na pawasaplai pamoja na plagi zake mbili: ile kubwa ya pini 24, na ile ndogo ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Hiyo ndogo husahauliwa mno, nayo ndiyo mlo wa prosesa. Kila kitu kingine kiondoke: diski, kadi, nyaya za mbele. Ikiwaka hivyo, rudisha kimoja kimoja mpaka izimike. Ni kazi ya subira, haina werevu wowote. Wale tuliofundishwa hesabu katika jengo lile la mabati tunaijua njia ya kuondoa kimoja na kutazama kinachobaki.

Ziko zinazokufa kweli. Tulifungua moja ambayo kapasita zake, vile vimapipa vidogo vilivyosimama juu ya bodi, vimevimba vichwani na kutoa utomvu wa kahawia. Bodi za miaka ya karibu 1999 hadi 2007 ziliugua sana ugonjwa huo, maana kapasita nyingi mbovu zilisambaa duniani wakati ule. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuzibadili, ila kwa mashine ya umri ule sioni faida. Hiyo ichukuliwe vipuri.

Sasa hesabu. Kati ya mashine 11, mwalimu na mimi tulipata muda wa kupima 6. Nne zimewaka na ziko mezani: ile ya mjusi, mbili za kitufe, na moja ya joto. Moja inahitaji pawasaplai. Moja ndiyo hiyo ya kapasita. Zilizobaki 5 hazijaguswa, wala sitaki kuwaahidi lolote juu yake.

Najua yatakayosemwa. Ndugu mmoja ameshaninong'oneza kwamba hata zikipona ni za zamani, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ni kweli, na baadhi yake haziwezi kupokea toleo linalofuata. Lakini zinaweza kuwekewa Linux, ambayo haiuzwi, pamoja na programu za kuandika na za hesabu za LibreOffice, ambazo nazo haziuzwi. Kijana anayejifunza kupanga jedwali au kuandika programu yake ya kwanza atajifunza humo bila kupungukiwa. Leo wanakaa watatu kwa mashine moja. Wa katikati ndiye anayegusa kibodi, na wawili wa pembeni wanasoma kompyuta kwa macho. Kwangu hilo ni jambo la haraka kuliko upya wa mashine.

Kuna kumbukumbu nyingine inayonijia, na wazee waliokuwa kazini wakati ule watanisahihisha. Serikali yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 kompyuta zikapigwa marufuku kuingizwa nchini. Tangu hapo naona tumekuwa watu wa pande mbili: ama tunaiabudu mashine, ama tunaifukuza. Kuifungua tukaangalia ndani ndilo tunalochelewa kulifanya. Katika ofisi za umma nimeona mashine zikifutwa kwenye vitabu na kurundikwa korido kwa sababu ya kitufe. Kitufe, ndugu zangu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, tukifika ajenda namba 6 nitaomba hoja igawanywe. Kwanza, fedha za paa zibaki kwenye paa. Pili, zile mashine 5 zipimwe kabla ya mwisho wa muhula, nami nimekubaliana na mwalimu nirudi Jumamosi mbili. Ninaomba wenzangu wawili wenye mikono mitulivu wajitokeze. Tatu, uchangwe mchango mdogo wa pembeni kwa ajili ya pawasaplai moja, mita moja, brashi, spiriti na pesti, pamoja na vibati vya kufunikia matundu ya nyuma ya makasha yote, kwa sababu mijusi haijahama. Baada ya hapo, kama bado zinapungua, tuzungumze juu ya mpya tukiwa na idadi kamili mkononi.

Ndugu Mkuu wa Shule, neno moja kwako kabla sijakaa. Mashine ya karani wako nayo imo katika zile 5, na nimesikia kwamba majina ya watahiniwa na orodha za ada za miaka mitatu zimo ndani yake. Diski yake isiuzwe wala isipelekwe popote. Mashine kushindwa kuwaka hakuifuti diski. Tutaichomoa, tutaiunganisha na moja ya zile nne zilizopona, na tutanakili kila kitu mbele ya karani mwenyewe. Ufunguo wa chumba anao mwalimu. Mkitupa saa moja baada ya chakula cha mchana, tutaanza na hiyo.